Gia za umeme za baiskeli: si mota inayokufa kwanza

Plagi nilipoichomoa ilikuwa imegeuka kijani. Ni ile kutu ya shaba unayoiona kwenye vichwa vya betri ya gari lililoegeshwa miezi, ila hapa ilikuwa ndani ya tundu dogo lisilopitisha hata ncha ya kalamu. Mwenye baiskeli, mwalimu mstaafu anayeendesha kila alfajiri kando ya bahari hapa Mombasa, alisimama nyuma yangu mikono kiunoni. Kwa wiki tatu gia zake zilikuwa zikibadilika zinapotaka zenyewe.

"Fundi, niambie tu. Mota imekufa?"

"Mota nzima, Mwalimu. Tatizo ni huu waya."

Alishusha pumzi. Mimi sikushusha, maana waya ule wenye urefu wa mkono mmoja ulinichukua siku 17 kuupata, na muda wote huo mota ambayo kila mtu anaihofia ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Kila wiki naulizwa kama gia za umeme zitadumu, na kama spea zake zitakuwepo baada ya miaka 10. Nimeshafungua mifumo ya kutosha kuona kwamba wengi tunaihofia sehemu isiyostahili. Vinavyozunguka na kusuguana huvumilia. Kinachoua mfumo mzima ni kile kinachounganisha kipande kimoja na kingine: ncha ya waya, betri, chaja, na lugha ambayo vipande vinasemezana.

Akili imehamia nyuma

Tuanze na baiskeli ya gia za waya wa chuma, maana bila kuielewa hiyo, hii nyingine haieleweki. Direla ni ule mkono unaoning'inia karibu na gurudumu la nyuma, wenye viroda viwili vinavyopitisha cheni. Ukisukuma swichi kwenye usukani, waya unavutwa, direla inasogea, cheni inahamia sproketi ya jirani, yaani gurudumu jingine la meno la nyuma. Ule mlio wa "tik" unaousikia unatoka kwenye swichi. Ndani yake mna kigurudumu chenye meno kinachoamua waya uvutwe milimita ngapi kwa kila gia. Direla yenyewe haijui kitu. Inakwenda inakovutwa, na springi inairudisha.

Kwenye gia za umeme mpangilio huo umepinduliwa. Swichi ya usukani imebaki kuwa kitufe. Haivuti wala haipimi. Inatuma neno moja tu, panda au shuka. Direla ndiyo yenye akili: ndani yake mna mota ndogo, mpangilio wa meno wa kupunguza kasi na kuongeza nguvu, kihisio kinachopima mkono umefika wapi, na saketi inayokumbuka kila sproketi ilipo.

Mabadiliko hayo yana faida ambayo wengi hawaijui. Kwa kuwa swichi haina idadi ya gia ndani yake, inaweza kuishi kuliko direla iliyokuja nayo. Kampuni ya Shimano ilipotoka gia 10 kwenda 11, mtu mwenye swichi za Ultegra Di2 (Di2 ni jina la gia zao za umeme) za mwaka 2011 aliweza kubadilisha direla zake mbili, ya mbele na ya nyuma, akasasisha programu ya ndani, akaendelea na swichi zilezile. Kwa mfumo wa waya wa chuma jambo hilo halifanyiki. Swichi ya gia 10 itabaki ya gia 10 hadi itupwe.

Hasara yake ni kwamba fundi hana tena nafasi ya kubuni. Waya wa chuma ni kitu cha wazi. Unaushika kwa vidole, unaupima kwa rula, na ukitaka kuudanganya unaweza. Upo ujanja wa zamani sana wa kuupitisha waya upande wa pili wa boliti inayoushika kwenye direla. Hatua ya kila gia inabadilika kidogo, na swichi ya kampuni hii inaweza kuelewana na direla ya kampuni ile. Ikishindikana kabisa, ipo swichi isiyo na tik, ile ya kusukuma kidogokidogo hadi cheni ikae. Hiyo inafanya kazi na karibu kila direla ya waya wa chuma, hata ya miaka ya 1960. Nimerudisha barabarani baiskeli nyingi kwa njia hiyo, na sioni aibu nayo hata kidogo.

Umeme hauna mlango wa nyuma wa aina hiyo. Direla na swichi zisipojua lugha moja, huna cha kushika wala cha kupima. Kwa hiyo ukitaka kujua baiskeli yako ina umri gani wa kuishi, lazima ujue ukoo wake.

Koo na lugha zao

Wa kwanza kuzipeleka gia za umeme kwenye mashindano makubwa walikuwa Mavic wa Ufaransa. Mfumo wao wa Zap ulitoka mapema miaka ya 1990, na Chris Boardman wa Uingereza ni mmoja wa waendeshaji wakubwa waliouamini. Ulikuwa na ubunifu ninaouheshimu hadi leo. Nguvu ya kusogeza direla haikutoka kwenye betri. Ilitoka kwenye kiroda cha juu kinachozungushwa na cheni, yaani kwenye miguu ya mwendeshaji mwenyewe, na umeme ukawa na kazi ya kuamua tu ni wakati gani nguvu hiyo itumike. Mwaka 1999 wakaja na Mektronic, usiotumia waya kati ya usukani na direla. Kisha wakaacha. Hakukuja kizazi kingine cha kuwarithi wenye Zap na Mektronic, na kampuni yenyewe iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama mwaka 2020 kabla ya kununuliwa. Leo aliyebaki na Mektronic anaiponya kwa kuvunja Mektronic nyingine.

Shimano wa Japani walianza mwaka 2009 na Dura-Ace Di2, daraja lao la juu, toleo la 7970. Waya zake zilikuwa na nyuzi nne ndani. Miaka miwili baadaye, Ultegra Di2 toleo la 6770 ilikuja na mpango mwingine kabisa: nyuzi mbili tu, zinazobeba umeme na ujumbe kwa pamoja, na ncha ndogo iliyopewa jina la SD50. Dura-Ace iliyofuata nayo ikahamia huko. Waliolipa pesa nyingi zaidi mwaka 2009 ndio waliogeuka yatima haraka zaidi, na mifumo yao ilikuwa bado inafanya kazi safi. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu 7970 ni moja ya vifaa imara kuliko vyote nilivyowahi kushika.

Ncha ya SD50 ilipata bahati. Iliongoza kuanzia 2011 hadi 2021, ikapita kwenye gia 10 na gia 11, barabarani na milimani. Baiskeli nyingi duniani zinaitumia, waya zake zimetengenezwa kwa wingi, na ndiyo maana waya wa Mwalimu ulipatikana, ingawa kwa kuchelewa. Mwezi wa 8 mwaka 2021 gia 12 zilikuja na ncha nyembamba zaidi, SD300, na swichi za usukani zikaanza kuzungumza na direla kwa redio. Kiunganishi cha kupatanisha ncha hizo mbili kipo, EW-AD305, lakini ncha kuingiana hakumaanishi vifaa vitaelewana. Usikinunue kabla ya kusoma jedwali la ulinganifu ambalo Shimano wenyewe wanalitoa bure.

Wenye baiskeli za milimani walipata pigo lao. XTR Di2, gia za Shimano za milimani, ilitoka na gia 11 mwaka 2014. XTR mpya ya gia 12 ilipokuja mwaka 2018 haikuwa na toleo la umeme hata kidogo. Ilibidi wasubiri hadi 2025 ndipo XTR ikarudi na Di2, tena bila waya. Miaka 7 katikati, na daraja la kuvukia kutoka ile ya kwanza halikuwekwa.

SRAM wa Marekani walifuata njia yao. eTap ya mwaka 2015 haikuwa na waya hata mmoja kati ya swichi na direla. Mwaka 2019 wakaleta AXS ya gia 12, na vifaa vya gia 11 havikuweza kuzungumza nayo. Lugha ilibadilishwa, mlango ukafungwa. Ila kuna jambo moja walilolifanya ambalo natamani kila mtengenezaji aliige. Betri haikubadilika. Ile betri ndogo inayobanwa nyuma ya direla ya mwaka 2015 inaingia kwenye AXS, na ya AXS inaingia kwenye direla ya 2015. Betri ya direla ya mbele na ya nyuma ni moja, ya barabarani na ya milimani ni moja. Swichi zinatumia kibetri cha sarafu cha CR2032, kile kile cha rimoti ya gari, ambacho duka lolote la saa mjini linacho. Mwenye eTap ya kwanza ana direla isiyo na warithi, lakini hatakwama kwa kukosa betri.

Campagnolo wa Italia waliingia mwaka 2011 na EPS. Wanasifika kwa kuuza hata springi na skrubu moja moja za vifaa vya zamani, na kwa gia za waya wa chuma sifa hiyo wanaistahili. Lakini kwenye EPS walifunga betri na ubongo wa mfumo ndani ya kopo moja linalofungwa kwenye fremu. Betri ni kitu kinachozeeka hata usipokitumia, na ikizeeka humo unabadilisha kopo zima. Mwaka 2023 walihamia mfumo usio na waya wenye betri za kuchomoa. Naona walifanya vizuri.

Kopo lililofungwa

Tufungue direla sasa, au tujaribu. Viroda vinatoka kwa skrubu mbili. Fremu ndogo inayovishika inatoka. Skrubu za kurekebisha zinatoka, na kipande kinachoishika direla kwenye baiskeli kinatoka. Vyote hivyo vinauzwa kimoja kimoja. Shimano wana michoro wanayoiweka wazi mtandaoni inayoonyesha kifaa kimepasuliwa, kila kipande na namba yake, na mimi huichapisha na kuining'iniza ukutani. Tazama mchoro wa direla ya Di2 na utagundua jambo: sehemu yenye mota imechorwa kama kitu kimoja. Haina namba ya mota, wala ya kihisio, wala ya saketi. Kwa mtengenezaji hicho si kifaa cha kurekebishwa. Kikifa, unanunua direla.

Ipo sababu ya haki. Sehemu hiyo lazima izuie maji ya mvua, matope na mpira wa kuoshea, na kila kifuniko cha kufunguliwa ni njia ya maji. Lakini sababu hiyo isitumike kufunika kila kitu. SRAM walipoleta Transmission ya milimani mwezi wa 3 mwaka 2023 walionyesha kwamba direla ya umeme inaweza kutengenezwa ili ngao zake za nje, zile zinazosugua mawe ikianguka, na mkono wa chini wenye viroda vibadilishwe bila kununua direla nzima. Bado mota imefungwa. Hata hivyo, kinachovunjika zaidi barabarani ndicho kinachobadilishika, na hilo ni jambo kubwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu nimeona direla nzima zikitupwa. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, direla za Di2 hujilinda kwa kuachanisha mkono na mota ili meno ya ndani yasivunjike. Baada ya hapo ukibonyeza swichi, cheni haihami. Mwenye baiskeli anaamini mota imeungua. Kwenye mifumo yenye kisanduku cha waya chenye kitufe, bonyeza kitufe hicho kwa sekunde 5 au zaidi hadi taa nyekundu iwake, uachie, kisha zungusha pedeli huku ukibadilisha gia taratibu. Direla inajishika tena. Kijana mmoja aliniletea direla akaniambia nichukue viroda tu, iliyobaki ni chuma chakavu. Ilikuwa nzima. Ilikuwa imejilinda. Kabla ya kununua direla ya umeme, jaribu hilo, kisha jaribu betri iliyojaa, kisha waya mwingine. Mota iwe mshukiwa wako wa mwisho.

Betri na safari yake

Betri za lithiamu zinazeeka kwa vitu vitatu: mizunguko ya kuchajiwa, muda, na joto. Kwenye gia za baiskeli mizunguko ni michache sana, maana chaji moja inapeleka mtu mamia ya kilomita. Kinachoziua ni muda na joto, na zaidi ya hapo kusahauliwa. Baiskeli ikikaa stoo mwaka mzima na betri ndani yake, saketi inaendelea kunyonya kidogo kidogo. Ikishuka chini ya kiwango, kinga ya ndani inaifunga na chaja haiioni tena. Ukijua baiskeli itakaa, chomoa betri ikiwa na chaji kama nusu, iweke mahali pa baridi. Si juu ya kabati chini ya bati, kama tunavyofanya wengi.

Shimano wana betri mbili ambazo hadithi zake zinafaa kuwekwa bega kwa bega. Ya nje, SM-BTR1, inayobanwa kwenye fremu kama chupa ndogo, ilikuja na 7970 mwaka 2009 na ikaendelea kutumika hadi enzi za gia 11 kwa kubadilisha kishikio tu. Unaichomoa kwa mkono mmoja. Ya ndani, SM-BTR2 na baadaye BT-DN110, ni silinda inayofichwa ndani ya bomba la siti. Inapendeza kwa macho, lakini si betri pekee. Ina sehemu ya akili ya mfumo. Wenye baiskeli za barabarani waliotaka direla mbili zibadilike kwa kushirikiana, ile ya mbele ikijisogeza yenyewe, walilazimika kuacha BTR2 na kununua DN110, hata kama BTR2 yao ilikuwa inashika chaji kama mpya.

Kwa sisi tulio mbali na maghala kuna jambo jingine, na hili halitokani na mtengenezaji. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa, haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji. Wauzaji wengi wa mtandaoni wanaona usumbufu, wanakataa kabisa kutuma. Ndiyo maana direla inaweza kufika Nairobi au Dar es Salaam ndani ya wiki, na betri yake isitoke ghalani. Abiria, kwa upande mwingine, anaruhusiwa kubeba betri ndogo ya akiba kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Betri nyingi za gia zilizopo mjini kwetu zimekuja hivyo, na shemeji, na mgeni wa harusi, na mwanafunzi aliyerudi likizo.

Mwezi wa 9 mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara letu. Timu kubwa zilikuja na mafundi wao na masanduku yao ya spea, na gia za umeme zilipanda milima ya Rwanda bila shida. Vijana wengi walitazama na wanataka kitu hicho hicho, nami siwalaumu. Ila sanduku la spea liliondoka na timu.

Programu nayo ni spea

Mwezi wa 8 mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Northeastern na California San Diego, Marekani, walionyesha kwamba ujumbe wa redio wa gia za Shimano zisizo na waya unaweza kurekodiwa na kurudiwa na mtu mwingine aliye karibu, akambadilishia mwendeshaji gia bila yeye kubonyeza. Shimano walitoa programu mpya ya kuziba tundu hilo. Sawa, na walifanya haraka. Lakini tuone maana yake kwa umri wa kifaa. Kuna kasoro inayotibiwa bila spana, kwa mtengenezaji kuendelea kuandika programu tu. Siku atakapoacha, kasoro ya namna hiyo haina fundi.

Hali ni hiyo hiyo unapobadilisha kipande kimoja tu. Weka direla mpya kwenye mfumo wa miaka 8, na mara nyingi havitaelewana hadi vyote viwe na toleo linalolingana la programu ya ndani. Unahitaji kifaa cha kuunganisha na kompyuta au simu, na programu inayokubali kufunguka kwenye simu uliyonayo. Chaja ya zamani ya Di2 ya ndani, SM-BCR2, ndiyo pia waya wa kuunganisha na kompyuta. Mwenye kuipoteza amepoteza vitu viwili, na baiskeli za mtumba hufika bila hiyo mara nyingi mno.

Kampuni za Kichina zimeingia sokoni kwa bei nafuu. Wheeltop, kwa mfano, wana direla isiyo na waya ambayo kwa programu ya simu unaipangia idadi ya gia unayotaka, bila kujali kaseti, lile fungu la sproketi za nyuma, ni ya nani. Kwa fundi hilo ni jambo zuri sana, linarudisha sehemu ya ule uhuru wa waya wa chuma. Ila uhuru wote huo umewekwa ndani ya programu moja ya simu, na direla itakuwa huru kwa muda ambao programu hiyo itafunguka.

Sheria inafika wapi

Ulaya imeanza kusogea. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1542, inasema kuanzia tarehe 18 Februari 2027 vifaa vyenye betri ndogo viwe vimetengenezwa ili mtumiaji aweze kuitoa na kuibadilisha betri mwenyewe. Betri za akiba ziendelee kupatikana kwa bei ya haki kwa angalau miaka 5 tangu kifaa cha mwisho cha toleo hilo kuingizwa sokoni, na programu isitumike kuzuia betri mbadala. Kuna msamaha kwa vifaa vinavyofanya kazi kwenye maji. Hivyo vinaweza kuachiwa fundi huru badala ya mtumiaji. Sheria hiyo haitufikii sisi moja kwa moja, lakini kiwanda hakitengenezi betri moja ya Lyon na nyingine ya Kisumu.

Upande wa direla, saketi na waya, hali ni tofauti. Sheria ya Ulaya ya haki ya kurekebisha ya mwaka 2024 ina orodha yenye vitu kama mashine za kufulia, simu, friji, na bidhaa zenye betri za vyombo vyepesi kama baiskeli za umeme. Gia za umeme kwenye baiskeli ya kukanyaga hazimo. Naona ni kosa. Kifaa hiki kina bei ya simu kubwa, kinawekwa kwenye fremu inayoweza kuishi miaka 30, na hakuna anayelazimishwa kusema hadharani kitakuwa na spea hadi mwaka gani.

Ukitaka kununua, au unayo tayari

Sikuambii usinunue. Nimewawekea watu gia za umeme na nimeona wanavyofurahi. Mtu mwenye yabisi kwenye vidole, ambaye swichi ya waya ilimshinda, ameendelea kuendesha kwa sababu ya kile kitufe. Tena hakuna waya wa chuma wa kuchakaa na kubadilishwa kila msimu. Ninachokuomba ni kununua ukiwa umeshajua ni kipi kitakosekana kwanza.

Uliza betri: inatoka kwa mkono, au imefichwa? Inatumika kwenye toleo jingine lolote? Betri iliyovuka vizazi viwili ni dalili njema kuliko sifa zote za tangazo. Uliza mfumo umekuwepo sokoni kwa muda gani. Ule uliotoka mwaka huu una miaka mingi mbele, lakini hakuna anayejua kama ukoo wake utaendelea. Uliokaa miaka mingi na kuuzwa kwa wingi, hata ukiwa umeachwa, una akiba kubwa ya mtumba. Kwa baiskeli ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa chaja yake mwenyewe, apande gia zote na kushuka zote. Asiyekuwa na chaja punguza bei yake kwa thamani ya chaja, au ondoka. Angalia pia kama fremu ina tundu za kupitisha waya wa chuma. Fremu nyingi mpya zimetobolewa kwa ajili ya umeme tu, na siku direla ya umeme itakapokosekana hutakuwa na njia ya kurudi nyuma. Kwangu mimi hilo ndilo swali zito kuliko yote. Fremu yenye njia zote mbili haifi pamoja na gia zake.

Kama unayo tayari, nunua vitu vidogo sasa, wakati bado vinauzwa: waya mmoja wa kila urefu ulio kwenye baiskeli yako, betri moja ukipata wa kukuletea, viroda, kishikio cha direla cha fremu yako, na kile kifaa kidogo cha plastiki cha kuchomolea plagi. Kwa ncha za SD50 kinaitwa TL-EW02. Usichomoe kwa koleo. Nimeona plagi nzima zikifia kwenye koleo.

Na vizibo. Kila tundu la waya lisilotumika kwenye mifumo hii lina kizibo chake cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kwenye kisanduku cha Mwalimu kizibo kimoja hakikuwepo. Pengine kilianguka siku baiskeli ilipopakiwa, pengine aliyemuuzia hakuwahi kukirudisha. Maji ya chumvi yaliingia kupitia tundu hilo tupu, yakatambaa hadi kwenye plagi ya jirani, yakaila shaba taratibu kwa miezi.

Waya mpya ulipofika nilisafisha tundu, nikapaka grisi isiyopitisha umeme, nikasukuma ncha hadi ikalia "tak". Mwalimu alizungusha pedeli kwa mkono, akapanda gia zote 10 na kushuka, mara mbili. Alikuwa ameagiza waya wawili na vizibo vinne. Vilivyobaki amevitia kwenye kopo la majani ya chai pamoja na chaja, akaandika juu yake kwa kalamu nzito jina la ncha na mwaka.